Wiki saba Unguja: shajara ya mradi wa likizo kwa wanafunzi wa ualimu kutoka Uganda

Kundi ni wanafunzi 12 wa ualimu wa Kiswahili, mwaka wa kwanza, wote wa chuo kimoja cha Kampala, pamoja na wasimamizi 2. Mahali ni Mjini Unguja. Muda ni katikati ya Juni hadi mwanzo wa Agosti, likizo ndefu ya chuo. Pwani ni kipupwe, upepo wa kusi umeshika, na aliyekulia kwenye baridi ya Kabale atacheka akiwaona wenyeji wamejifunika.

Sababu ya mradi haihitaji maelezo marefu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 uliingiza Kiswahili katika masomo ya lazima ya kidato cha 1 na cha 2. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wa kukifundisha ndio hawatoshi, na wengi wa waliopo wamekisoma kitabuni bila kuishi nacho.

3 Machi. Nani aende

Kizuizi cha kwanza ni kalenda. Wanafunzi wa miaka ya juu hupangiwa mazoezi ya kufundisha katika likizo hii hii, kwa hiyo hawaachiki. Tumebaki na mwaka wa kwanza, na si hasara: makosa yao hayajaota mizizi.

Tumechukua Waganda 5, Wanyankore 3, Waacholi 2, Mlugbara 1 kutoka Arua na Mnubi 1 wa Bombo. Alama za mtihani zilihesabiwa, lakini mchanganyiko wa lugha za nyumbani ulihesabiwa zaidi. Muganda huja na ngeli mfukoni kwa sababu lugha yake inazo. Matamshi ndiyo humwangusha. Lugha ya Mwacholi haina ngeli kabisa, na upatanisho ndio mlima wake. Wale wa Arua na Bombo wanasema Kiswahili tangu utotoni, ila ni kile cha kambini na sokoni: "watu mbili", "ile kitu yangu", "iko hapana". Wanasema kwa kasi na bila woga, na ndiyo maana ni vigumu kuwasahihisha kuliko wote.

10 Machi. Karatasi

Raia wa Uganda huvuka kwenda Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hiyo pasipoti ni lazima. Kinachochelewesha pasipoti mara nyingi ni majina: kitambulisho kinasema jina moja, cheti cha mtihani kinasema lingine, au mpangilio umegeuzwa. Fuata herufi za kitambulisho, kisha barua ya chuo mwenyeji iandikwe kwa herufi zile zile za pasipoti. Barua tatu zimerudishwa kwa sababu ya herufi moja moja. Anza miezi minne kabla.

Barua ya kukubaliwa itaje neno "mafunzo", tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inamtofautisha mwanafunzi na mgeni wa matembezi. Anayejibu mpakani kwamba "natembea tu" hupewa pasi ya matembezi, kisha chuo mwenyeji ndicho kinachohangaika kuirekebisha.

Homa ya manjano: cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu hawezi kuvuka Ijumaa, hata akilia. Tangu Julai 2016 chanjo moja hutosha maisha yote, hivyo kadi ya zamani ni halali. Wawili walichanjwa zamani ila kadi zimepotea. Afisa wa afya hupokea kadi, hapokei ushahidi wa mdomo. Wanachukua nakala mpya wiki hii.

Zanzibar ina pia bima ya lazima kwa wageni, iliyoanza 1 Oktoba 2024. Ikatwe mtandaoni kabla ya safari na kuchapishwa, kwa sababu simu huzimika pale pale inapohitajika.

7 Aprili. Rekodi za mwanzo

Bila kipimo cha mwanzo, kila mtu atarudi akisema ameendelea. Kila mwanafunzi anarekodiwa dakika 10: dakika 5 za kusoma orodha ya jozi 40 za maneno yanayokaribiana kwa sauti, na 5 za kueleza picha ya soko bila kusoma. Usomaji unaonyesha anachoweza akijichunga, na maelezo ya picha yanaonyesha anachofanya akijisahau. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo kazi yetu ya wiki saba.

Rekodi ni WAV, kilohezi 44.1, biti 16, chaneli moja. Dakika moja hula takriban megabaiti 5.3. Watu 12, dakika 10, mara 9 kwa mradi mzima, ni kama gigabaiti 5.7, kadi ya gigabaiti 16 inatosha, na ya pili ni ya nakala. Msitume rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp: faili hubanwa, na *th* na *s* huanza kufanana, nasi hizo ndizo tunazozitafuta.

Yaliyosikika yana mpangilio. Katika Kiganda, *r* hukaa baada ya *e* na *i*. Kwingineko ni *l*. Mzungumzaji huibeba kanuni hiyo bila kujua. Hivyo *mbili* huwa "mbiri" na *kweli* huwa "kweri", lakini *habari* huwa "abali", *karamu* huwa "kalamu", na raia wema huenda "kupiga kula". Wanyankore hukosea upande mmoja tu: lugha yao imeegemea *r*, basi *l* nyingi hugeuka. Kumwambia Muganda "tofautisha r na l" hakusaidii, maana sauti zote mbili anazitoa vizuri kila siku. Mwonyeshe kanuni yake mwenyewe, kisha mpe maneno yanayoivunja: *kura, mahari, karamu, hatari* upande mmoja, *mbili, kweli, dalili, mwili* upande wa pili.

Kiganda hakina *h*, *sh*, *th*, *dh* wala *gh*. Jozi zilizoangusha wengi: *thamani* na *samani*, *dhana* na *zana*, *shaba* na *saba*, *hasa* na *asa*. Aliyesema bidhaa ina "samani kubwa" alieleweka kuwa anauza makochi.

12 Mei. Maneno danganyifu

Hii ndiyo karatasi iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na tungeshauri kundi lolote lianze nayo. Undugu wa Kiganda na Kiswahili ni mkubwa kiasi kwamba mwanafunzi huacha kukagua. *Okuleeta* ni kuleta, *okusoma* ni kusoma, *okulima* ni kulima, *okuyimba* ni kuimba; neno la tano linapomdanganya, hana habari.

*Okulinda* ni kungoja. "Nitakulinda kituoni" kwa Mswahili ni ahadi ya askari. *Okufumba* ni kupika. Mswahili hufumba macho au mdomo. *Okutunda* ni kuuza. "Mama anatunda samaki" humfanya msikilizaji atafute mti unaozaa samaki. *Okuwa* ni kupa, ndiyo maana tunasikia "niwe pesa". *Okusika* ni kuvuta, na kwa kuwa *sh* haipo, *shika mlango* hupokelewa kama agizo la kuuvuta. Mmoja ameshika, mwingine anavuta, mlango unateseka. *Omukazi* ni mwanamke, kumbe *mkazi* ni yeyote anayekaa mahali, mwanamume akiwemo. *Okutambula* ni kutembea au kusafiri. *Kutambua* iko jirani mno, na wawili walizichanganya katika sentensi moja.

Kuna na makosa yasiyo ya neno moja. Kiganda huwapa wanyama wa ngeli ya *n* upatanisho wa ngeli yao: *ente efudde*. Kiswahili huwapandisha wanyama daraja la watu: ng'ombe *amekufa*. Waganda wote 5 walisema "mbwa imekuja", hata katika usomaji wa polepole. Tena Kiganda huonyesha kifaa kwa kauli ya kusababisha, kwa hiyo kisu huwa "cha kukatisha nyama" badala ya *cha kukatia*. Hili halimo katika vitabu vya kidato cha 1 tulivyo navyo, na linasikika kila saa.

Orodha imefika maneno 63. Iliyoandikwa hapa ni kionjo.

30 Mei. Mizigo

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na msafiri hasamehewi. Sisi tumezoea kufunga kila kitu kwa kaveera, mpaka viatu. Mizigo yote ilifunguliwa Kampala na makaveera yakabaki. Mifuko ya kitambaa ilishonwa 24, miwili kwa kila mwanafunzi.

Soketi za Tanzania hupokea plagi zetu za miguu mitatu bapa, hivyo adapta hazihitajiki. Nguo ni za kufunika mabega na magoti, wake kwa waume, na kanga mbili kwa kila msichana. Kinasa sauti 2, sifongo za kufunika maiki 4, betri za akiba, madaftari 24 ya kurasa 96.

11–14 Juni. Safari

Njia ni mbili. Ya Nairobi na Namanga ina mipaka miwili. Ya Masaka na Mutukula ina mmoja. Tumechukua ya pili. Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130, na hadi Mutukula kama 90 zaidi. Mutukula ni kituo cha pamoja tangu 2017: unagongewa kutoka na kuingia katika jengo moja. Mizigo hushushwa yote, kwa hiyo pasipoti, kadi ya njano na barua vikae kifuani, visikae katika begi lililo tumboni mwa basi.

Baada ya hapo ni Bukoba, Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma. Katika Mkoa wa Kagera mradi ulisimama kwa muda: Kihaya na Kinyankore ni ndugu wa tumbo moja, na Wanyankore 3 hawakuona sababu ya kumwuliza mtu bei ya ndizi kwa Kiswahili.

Dodoma tulilala, kisha treni ya umeme hadi Dar es Salaam, safari isiyotimiza saa nne. Inaokoa mgongo. Jina la tiketi lifanane na la pasipoti.

Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Kusi huinua mawimbi Juni hadi Agosti, na watu wa bara hawajui tumbo lao litafanya nini. Kaa chini, nyuma ya katikati, ambako boti haichezi sana. Kula mkate mkavu. Chai ya maziwa iache hadi ufike. Dawa ya kichefuchefu inywewe nusu saa kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu ikinywewa baadaye hutapikwa. Waliofuata hayo walifika wakitembea. Bandarini Malindi pasipoti hukaguliwa tena, ingawa hujatoka Tanzania.

16 Juni. Nyumba

Nyumba 6, wanafunzi wawili wawili. Orodha ya kwanza ilipangwa kwa urafiki, maana yake ni Waganda na Waganda, na usiku Kiganda mpaka asubuhi. Imefutwa. Kanuni sasa: hakuna nyumba yenye wawili wa lugha moja ya mama. Mwacholi yuko na Muganda, na Muganda humkopesha mwenziwe ngeli. Kiingereza kilibaki kuwa tishio, kwa hiyo jioni hakuna mikutano ya kundi zima isipokuwa Alhamisi.

Salamu zimesumbua kuliko tulivyotazamia. "Oli otya", salamu ya Kiganda, ikitafsiriwa inatoka "Uko namna gani?", na mwenyeji hudhani anaulizwa kama ni mgonjwa. Wasichana wa Kiganda walipiga magoti kumwamkia mama mwenyeji, naye akainama kuwainua akidhani wameteleza. *Shikamoo* inatosha, na ijibiwe *marahaba*, isiachwe ikining'inia. Mama mwenyeji ni *Bi*, likifuatiwa na jina lake. Mwalimu ni *maalim*. "Ssebo" na "nnyabo", yaani bwana na bibi, zibaki Kampala. *Gyebale*, ile shukrani ya kumkuta mtu kazini, ina mwenzake mzuri: *pole na kazi*. Mlangoni ni *hodi*, mara tatu, na usipoitikiwa unarudi zako.

Wakristo wa kundi huenda Jumapili kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa. Mahubiri ni zoezi zuri la kusikiliza: sentensi ndefu, sauti kubwa, na hakuna anayekugeukia akuulize umeelewa nini.

23 Juni. Wiki ya kwanza imepotea

Rekodi za wiki ya kwanza hazina tofauti na za Aprili. Makosa ni yale yale, kwa watu wale wale. Sababu imeonekana kwa kusikiliza na kuuliza. Wenyeji ni wastaarabu, basi humrahisishia mgeni: maneno machache, polepole, na kosa halisahihishwi kwa kuwa kumsahihisha mgeni ni kumfedhehesha. Vijana wa nyumbani nao wanataka kunoa Kiingereza chao. Mwanafunzi anashinda anakula vizuri, anatabasamu, anatazama runinga. Kukaa na wenye lugha kumewapa raha, na lugha bado.

Mabadiliko kuanzia kesho: darasa la saa tatu, na kila jozi ya wanafunzi inapewa kazi moja ambayo haiwezi kukamilika bila kumsemesha mtu asiyewajua. Kazi iwe na jibu linalokaguliwa. "Zungumza na watu" si kazi.

30 Juni. Darajani

Kazi ya wiki: soko la Darajani, lililojengwa 1904. Leta majina 10 ya samaki, namna kila mmoja anavyovuliwa, anavyopikwa, na bei ya leo. Hairuhusiwi kunyoosha kidole. Hairuhusiwi kuandika jina kabla ya kulitamka mara tatu mbele ya muuzaji.

Samaki wamefanya kilichotushinda darasani. Muuzaji husema changu *huyu*, kolekole *hawa*, nguru *mzima*, pweza *wawili*, ingawa wote wamekufa na barafu juu. Muganda anayesema "changu hii ngapi" hasahihishwi kwa upole kama nyumbani: muuzaji ana wateja wengine, hurudia kwa sauti, "Changu *huyu*? Elfu kumi!", na sentensi sahihi hubaki sikioni pamoja na bei. Kufika siku ya tatu wanne kati ya 5 walikuwa wakijirekebisha katikati ya sentensi. Kujirekebisha huko ndiko tunakokuhesabu kuwa hatua. Kosa kutoweka kabisa huja baadaye.

Nafasi ya kazi ni kabla ya saa 4 asubuhi. Baada ya hapo samaki wazuri wamekwisha na muuzaji hana hamu ya kueleza jodari anavuliwa kwa chombo gani.

Madaftari yana safu mbili. Ya kushoto ni sanifu, ya kulia ni walichosikia: *shule* na *skuli*, *nyanya* na *tungule*, *viazi* na *mbatata*, *mkate* na *boflo*, *hospitali* na *spitali*. Wawili waliuliza kwa nini neno la hapa liwe kando wakati sanifu yenyewe ilijengwa juu ya Kiunguja. Ni kweli, uamuzi ulifikiwa Mombasa 1928, na Kamati ya lugha iliyoanza 1930 ilikuwa na Uganda ndani. Lakini mtihani wa kwetu unasahihishwa kwa kitabu, na kitabu kinasema shule.

7 Julai. Siku ya Kiswahili Duniani

Hapakuwa na darasa. Wanafunzi walipewa kazi moja: hotuba yoyote, andika viunganishi vyote. *Ilhali, kwa vile, licha ya, seuze, sembuse.* Wanane hawakuwahi kuisikia *seuze* ikitoka mdomoni mwa mtu.

9 Julai. Kinasa

Nusu ya rekodi za wiki ya tatu ni upepo. Kusi hupita darini, na sifongo peke yake haitoshi. Ndani nako kuta nene za mawe ya matumbawe hurudisha sauti. Dawa iliyofaa: chumba kidogo, feni imezimwa, kanga tatu zimetundikwa kwenye kamba nyuma ya msemaji, maiki kwa umbali wa shubiri moja na pembeni kidogo ya mdomo ili *p* na *b* zisipige. Epuka nyakati za adhana; si heshima, na rekodi haifai.

14 Julai. Jikoni

Kazi iliyozaa kuliko zote, na haikuwa katika mpango wa Machi. Kila jozi ipike wali wa nazi chini ya mama mwenyeji, kisha irekodi maelekezo yote bila kusoma.

Mchele kilo 1, nazi 2. Nazi *huvunjwa*, maji yake *humwagwa* au hunywewa, nyama *hukunwa* kwa mbuzi. Machicha *hukamuliwa* kwa maji ya vuguvugu na *kuchujwa*. Hilo ni tui la kwanza, zito, linawekwa kando. Maji mengine, tui la pili, jepesi: hilo huchemshwa na chumvi na mchele huingia humo. Maji yakikaribia kukauka, tui zito humiminwa juu, chungu hufunikwa, na makaa *hupaliwa* juu ya kifuniko. Yanayoharibika: machicha yakikamuliwa kwa maji ya moto mkali, tui huwa na mafuta yaliyojitenga; tui zito likiingia mapema, wali hushika chini ukiwa mbichi juu. Kwenye mchuzi, tui lisilokorogwa likichemka *hukatika*.

Hesabu vitenzi. Kutendwa, kutendeka, kutendea vyote vimepita katika chungu kimoja. Na mbuzi ya kukunia imefanya kazi ya mwezi: ni *ya kukunia*, si "ya kukunisha", na hapo kosa la kifaa la Waganda limepata mfano usiosahaulika. Halafu ile ngeli. Kifaa ni mbuzi *hii*, *imevunjika*. Mnyama ni mbuzi *huyu*, *amevunjika* mguu. Jina moja, upatanisho wa namna mbili, na kinachoamua ni uhai. Waacholi wote wawili waliieleza kanuni hiyo kwa maneno yao wenyewe kabla wali haujaiva. Mmoja tu wa kundi zima bado "anafumba" wali.

Julai, wiki ya mwisho ya masomo. Makunduchi

Siku mbili za Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, kusini mwa kisiwa: wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba. Kimakunduchi, lahaja ya huko, kiliwapita wanafunzi wote kushoto, jambo zuri kwa waliodhani wamemaliza. Tahadhari kwa kundi lijalo: usafiri wa kurudi mjini jioni hujaa mapema, weka gari.

29 Julai. Rekodi za mwisho

Orodha ile ile ya jozi 40, picha ile ile ya soko. Katika usomaji, *th* na *dh* zimenyooka kwa karibu wote. Ulimi ukionyeshwa mahali pa kukaa hukaa. *H* ya mwanzo imerudi kwa wengi lakini hudondoka wakisema haraka. *R* na *l* imebaki ngumu katika maelezo ya picha, hasa kwa Waganda wawili waliokuwa wepesi zaidi wa kusema: kasi yao huikimbia kanuni. Upatanisho wa wanyama umeshika. Kauli ya kutendea kwa vifaa imeshika kwa waliopika zaidi ya mara moja.

Mlugbara na Mnubi hawakubadilika sana hadi wiki ya tano, kisha wakabadilika ghafla. Kilichowageuza ni kusikiliza rekodi zao wenyewe wakiwa na kalamu nyekundu mkononi. Wangefanyiwa hivyo wiki ya kwanza. Kosa la mpango, si lao.

11 Agosti. Kampala

Wamerudi wote, wamepita Mutukula bila tatizo. Hatari ya sasa ni mtaani: ukisema Kiswahili sanifu kwenye takisi ya Kampala, kondakta hukudhania askari na abiria hunyamaza. Kundi linakutana mara mbili kwa wiki, saa 11 jioni, na faini ya Kiingereza ni kupika chai.

Kazi zinazoendelea: kijitabu cha maneno danganyifu ya Kiganda kimefika maneno 97, cha Kinyankore kimeanza na 20, cha Kiacholi hakitakuwa cha maneno bali cha ngeli, na kitaandikwa na wale wawili. Rekodi ya Oktoba itafanyika katika chumba kile kile cha Aprili, kanga tatu nyuma, feni imezimwa. Kadi ya nakala iko kabatini, rafu ya juu, imeandikwa "usifute".